Namna ya kuwatafsiria jamaa zako msimu wa pili wa Wednesday, sebuleni kwako Dar es Salaam

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam yupo mtu mmoja ambaye, kila filamu ya Kiingereza inapowekwa, watu humgeukia na kumwuliza, "Amesemaje huyo?" Kwetu Tabata mtu huyo ni mimi, na mwongozo huu nimewaandikia wenzangu wa kazi hiyo isiyo na mshahara, hasa wale ambao jamaa zao wameomba wawekewe msimu wa pili wa Wednesday, ile tamthilia ya Netflix yenye binti wa nywele zilizosukwa mikia miwili, nguo nyeusi na uso usiocheka. Kazi hii ni ngumu kuliko kutafsiri filamu ya mapigano, kwa sababu mapigano hujieleza yenyewe, ilhali hapa neno la kutisha na neno la kuchekesha hutamkwa kwa sauti ileile moja, na mtafsiri asipokuwa mwangalifu hupoteza yote mawili.

Msimu wa kwanza niliuharibu mwenyewe. Kila Wednesday alipotoa neno la kejeli nilisimamisha picha, nikalitafsiri, kisha nikaeleza kwa nini linachekesha. Mama yangu mzazi alivumilia hadi kipindi cha tatu, akauliza kwa upole, "Mwanangu, hili somo linaisha saa ngapi?" Yanayofuata ni yale niliyojifunza baada ya swali hilo.

Tazama peke yako kwanza

Msimu huu una vipindi vinane vya takriban saa moja kila kimoja; vinne vya kwanza vilitoka tarehe 6 Agosti 2025, na vinne vya mwisho tarehe 3 Septemba mwaka huohuo. Usithubutu kutafsiri kipindi ambacho hujakiona. Waliokulia karibu na vibanda umiza vya Manzese, Tandika au Mbagala wanakumbuka jinsi wakalimani wa filamu walivyosimulia juu ya sauti ya picha, na ukimsikiliza tena mtu kama Lufufu unagundua kwamba hakuwa akifuata maneno ya mwigizaji hata kidogo: alishaijua hadithi inakoelekea, akachagua la kusema na la kuacha. Uhuru huo ndio tunaourithi, ingawa desturi yake ya kujaza kila pengo kwa maneno haitufai kabisa hapa, kama nitakavyoeleza.

Mara ya kwanza tazama kwa ajili ya hadithi, na mara ya pili keti na daftari uandike sentensi zile tu ambazo mtazamaji asipozipata atapotea. Mimi nimejiwekea kanuni ya kutafsiri sentensi moja kati ya tatu, na mara nyingi hata hiyo moja huwa nyingi. Pakua vipindi mapema usiku, wakati bando ni la bei nafuu, na uhakikishe mita ya LUKU ina yuniti za kutosha, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya hofu, hofu hairudi tena hata umeme ukirudi. Vipindi viwili kwa usiku mmoja vinatosha. Baada ya kipindi cha nne, ambacho kinaishia kwa Wednesday kurushwa nje ya dirisha, funga televisheni hata kama watu watakulalamikia; watazamaji wa dunia nzima walisubiri wiki nne kujua yaliyompata, na familia yako inaweza kusubiri walau siku mbili. Kwetu zile siku mbili ziliwafanya watu wabishane kuhusu mhalifu wakiwa wanachambua mchele, jambo ambalo halikuwahi kutokea msimu wa kwanza.

Maneno machache kabla ya picha kuanza

Usisimulie msimu wa kwanza wote. Inatosha kusema kwamba Nevermore ni shule ya bweni ya vijana waliotengwa kwa sababu wana vipaji visivyo vya kawaida. Kwamba mkuu wao wa shule, Larissa Weems, aliuawa kwa sumu. Kwamba muuaji aliyekuwa akigeuka dubwana alikuwa Tyler, kijana ambaye Wednesday alianza kumpenda, naye alitumwa na mwalimu waliyemwamini. Sasa Wednesday anarudi shuleni akiwa mtu maarufu na anauchukia umaarufu huo. Mdogo wake, Pugsley, naye ameanza masomo hapohapo, wazazi wao wanakaa katika eneo la shule, na mkuu mpya ni Barry Dort, anayeigizwa na Steve Buscemi. Kisha taja kitu kimoja ambacho ndicho kamba ya msimu mzima: Wednesday anaona katika maono kifo cha rafiki yake Enid, na Enid huyo anamwambia kwamba amekufa kwa sababu yake, wakati ambapo uwezo wake wa kuona unaanza kumtupa mkono na macho yake yanatoka machozi meusi. Hapo nyamaza. Akitokea mtu wa kuuliza kwa nini shule inaonekana tofauti na zamani, mwambie kwamba msimu wa kwanza ulipigwa Romania na wa pili Ireland, basi.

Swali ambalo hutalikwepa ni lile aliloniuliza mama: kwa nini familia nzima inafurahia kifo? Unaweza kumjibu kihistoria, kwamba watu hawa walianza kama katuni za Charles Addams katika gazeti la The New Yorker mwaka 1938, na mzaha wenyewe ulikuwa kuwachora matajiri wa Kimarekani wakipenda kila kitu ambacho majirani zao wanakiogopa. Jibu hilo ni la kweli, ila halimsaidii mtu aliyekaa mkekani Tabata. Jibu lililomsaidia mama lilikuwa neno moja tu, utani. Sisi tumeona watani wakija msibani, Mnyamwezi kwa Mzaramo au Mzaramo kwa Mnyamwezi, wakaiga mwendo wa marehemu, wakazuia jeneza lisitoke mpaka walipwe, na wafiwa wenyewe wakacheka huku machozi yanawatoka, wala hakuna aliyesema kwamba watu hao hawamheshimu maiti. Mweleze mzee wako kwamba binti huyu ni mtani wa mauti, na kwamba anayoyasema ayachukulie kama ya mtani. Baada ya sentensi hiyo sikuulizwa tena kwa nini analala kama maiti, mikono kifuani.

Jina lake nalo lina maana. Wednesday ni Jumatano, na katika nchi yenye akina Juma, Jumanne, Mwajuma na Hamisi hakuna atakayeshangaa mtoto kuitwa siku ya wiki. Pengine hapa tunaelewa upesi kuliko Wamarekani wenyewe. Kinachohitaji maelezo ni kwamba jina linatokana na shairi la watoto la Kiingereza linalosema mtoto wa Jumatano amejaa majonzi, na neno hilo la majonzi, woe, limechezewa katika majina ya vipindi vyote vinane. Kiswahili tunalo neno lake kamili, nalo ni ole. Kipindi cha kwanza, "Here We Woe Again", nilikiita "Ole Wetu Tena", na hadi tunafika kipindi cha tano watoto walikuwa wakitunga majina yao ya ole kabla sijafungua kinywa.

Chagua neno lenye kivuli chake

Kamusi itakusaliti usiku. Pugsley anapomfufua maiti aliyezikwa chini ya mti wa shule na kuanza kumfuga kama mnyama, unaweza kusema "zombi" na vijana wote wataelewa, lakini sebule haitatikisika. Sema "msukule" uone. Nilipolitamka, jirani yetu wa mlango wa pili aliyekuja kuomba chumvi aliketi chini na bakuli lake na hakuondoka tena. Hata hivyo neno hilo linakuja na mizigo yake, na ni wajibu wako kuutua mmoja baada ya mwingine. Msukule wa kwetu, kwa jinsi watu wanavyosimulia, ana mwenyewe aliyemchukua kichawi. Amefichwa, analishwa pumba, analimishwa usiku, na ulimi wake umekatwa asiweze kutaja jina lake. Huyu wa Nevermore, ambaye vijana wanamwita Slurp, hana bwana anayemtuma, anakula ubongo wa watu, na, kwa kudokeza kidogo ya mbele, kadiri anavyokula ndivyo anavyorudiwa na sura na maneno ya kibinadamu. Kwa hiyo sema mapema, kabla watazamaji hawajajenga mazoea: "Huyu ni msukule, lakini yeye anakwenda kinyume; wa kwetu hunyang'anywa ulimi, huyu anaurudisha." Sentensi hiyo inaongeza hofu badala ya kuipunguza, kwa sababu kuanzia hapo kila mtu anasubiri atakachosema siku atakapoweza kusema.

Kwa wanyonya damu sikutumia mumiani, ingawa neno lilinijia mdomoni, kwa kuwa mumiani wa pwani ni mtu anayechukua damu za watu kwa ajili ya dawa na biashara, wala hana meno marefu wala haogopi jua. Bianca na wenzake wenye sauti ya kuwatawala watu niliwaita nguva, na hakuna aliyehitaji maelezo. Enid ni binti anayegeuka mbwamwitu. Sema maneno hayo yote mara ya kwanza, kisha sema mbwamwitu tu. Hyde, yaani lile dubwana ambalo Tyler hugeuka, nililiacha Hyde.

Neno moja nakusihi uliepuke, nalo ni mchawi. Katika mchezo huu linaonekana jepesi, lakini katika nchi yetu tuhuma hiyo imewagharimu vikongwe uhai, na mara ukimwita Wednesday mchawi, wazee waliokaa nawe wataacha kumcheka na kuanza kumhukumu. Mwite mwenye maono.

Sauti za wahusika

Hapa ndipo penye utamu wa kazi, na ndipo nilipochelewa sana kufika. Wednesday hazungumzi kama binti wa umri wake. Anazungumza kama kitabu kilichofungwa miaka mia moja. Mtafsirie kwa Kiswahili sanifu kabisa, cha taarifa ya habari ya redioni, bila "si unajua" wala "yaani", bila kupandisha sauti, na bila kutabasamu hata akisema jambo la ajabu kiasi gani. Enid, kinyume chake, mpe Kiswahili cha Sinza, cha haraka, chenye "jamani" na "mwenzangu" kila baada ya maneno matatu. Wakiwa wawili chumbani, tofauti hiyo ya lugha itawachekesha watu kuliko utani wowote utakaoutafsiri.

Kwa Gomez na Morticia, wazazi wa Wednesday, nenda kwenye taarabu. Baba huyu anampenda mkewe mbele za watu bila haya, na "mpenzi" ni neno dogo mno kwake. Mpe "muhibu wangu", "tabibu wa moyo wangu", na Morticia ajibu kwa sauti ya chini ya mwanamke anayejua thamani yake. Barry Dort anafaa lugha ya mwenyekiti wa kamati ya harusi: "ndugu zangu", "niwashukuru kwa moyo wa kujitoa", huku kila mtu akihisi kwamba michango haijafika panapohusika. Nilipomtafsiri hivyo, mama alisema huyo bwana si mwema, kabla picha yenyewe haijatuambia.

Bibi yao akina Wednesday, Hester Frump, mama mzazi wa Morticia, anayeigizwa na Joanna Lumley, ni tajiri wa biashara ya mazishi, na ugomvi wake na Morticia unawagawa watazamaji kuliko misukule yote. Usimpe ukali peke yake. Kwetu bibi na mjukuu ni watani, mama na binti si watani, na ndiyo maana bibi huyu anacheka na Wednesday na kumchoma mwanawe kwa sentensi hiyohiyo moja. Mtafsirie kwa sauti mbili: anapomwelekea mjukuu, mzaha, anapomwelekea binti, barafu.

Kunyamaza

Nilisema desturi ya kujaza kila pengo haitufai. Sababu ni kwamba katika tamthilia hii kicheko hakimo ndani ya neno, kimo katika ukimya unaofuata, pale Wednesday anapomaliza kusema na kumkazia macho mwenzake bila kupepesa. Ukitafsiri wakati wa ukimya huo umeuharibu. Kwa hiyo tanguliza: kwa kuwa ulishakitazama kipindi, sema tafsiri nusu sekunde kabla ya mwigizaji kufungua mdomo, kwa sauti ndogo, kisha acha maneno ya Kiingereza yapite na ukimya uwafikie watu wakiwa tayari wanajua kilichosemwa. Ukichelewa, iache sentensi hiyo ipotee. Hasara ya sentensi moja ni ndogo kuliko hasara ya kicheko. Vilevile punguza sabufa, kwani muziki wa Danny Elfman unapanda ghafla na utakulazimisha upige kelele kama kondakta wa daladala.

Kuna mambo ambayo hayatakwenda kama ulivyopanga. Kunguru, kwa mfano. Kifo cha kwanza kikubwa cha msimu kinaletwa na kundi la kunguru, na kunguru mwenye jicho moja anamfuatilia Wednesday kila aendako. Kwa Wazungu ndege huyo hubeba harufu ya kaburi. Lakini sisi tunaishi na kunguru waliotoka Bara Hindi, wakafika Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye wakaivamia Dar es Salaam yote, na asubuhi ya siku ile mmoja wao alikuwa amebeba kipande cha changu kutoka sinia ya mama uani. Kundi lilipomshukia yule mzee mkuu wa polisi wa zamani, sebule nzima ilicheka, na mtoto mmoja akapiga kelele, "Ficheni samaki!" Nilishindwa kuirudisha hofu usiku ule. Ningejua, ningesema mapema kwamba kunguru hawa wawachukulie kama bundi aliyetua juu ya bati.

Sehemu nyingine ilikwenda vizuri kupita matarajio. Katika kipindi cha kwanza Ajax anawasimulia wenzake bwenini hadithi ya mwanafunzi mwenye moyo dhaifu aliyejitengenezea moyo wa mitambo kama ya saa, na picha inageuka kuwa ya vikaragosi vyeusi na vyeupe. Pale mtafsiri anaweza kusimama kama msimulizi kamili. Zima taa, na kabla kikaragosi cha kwanza hakijasogea sema, "Paukwa!" Hakuna Mswahili atakayeacha kuitika, na hadithi iliyobaki utaisimulia kwa mwendo wako, kwa sababu hakuna midomo ya kufuata.

Kipindi cha sita ndicho kigumu kuliko vyote. Lady Gaga anaonekana kwa muda mfupi kama Rosaline Rotwood, mwalimu wa zamani wa Nevermore, na vijana watapiga yowe, waache. Kazi inaanza baada yake, pale Wednesday na Enid wanapobadilishana miili. Kiswahili hakina "yeye" wa kike na wa kiume, sembuse "yeye" wa mwili na wa roho, kwa hiyo ukisema "anasema anataka kurudi chumbani kwake" hakuna atakayejua ni nani anasema wala chumba ni cha nani. Kama ulifuata ushauri wangu wa sauti, umeshaokoka: Kiswahili cha Sinza kikitoka katika uso wa Wednesday, na Kiswahili cha taarifa ya habari kikitoka katika nguo za rangirangi za Enid, watu wataelewa bila neno la ziada. Kama hukuufuata, jiandae kusimamisha picha mara nyingi.

Kuhusu watoto nina neno fupi. Marekani tamthilia hii imewekwa daraja la kuanzia miaka 14, na kwa sababu nzuri: dakika za mwanzo kabisa za msimu zina muuaji anayekusanya nywele za watu pamoja na ngozi ya kichwa, na karamu za Slurp hazifichwi sana. Wadogo walale, hata kama wataapa kwamba hawaogopi.

Mhusika mmoja hatakusumbua. Ni ule mkono uliokatwa, unaotembea kwa vidole na kuitwa Thing, ambao mimi niliuita Kitu. Hausemi, unaashiria tu, na Wednesday anaujibu kana kwamba amesikia hotuba. Usiku wa kwanza nilijaribu kuutafsiri. Mama, ambaye ameuza vitambaa Kariakoo tangu sijazaliwa na anajua kushusha bei kwa vidole viwili bila kufungua mdomo, alininyamazisha kwa kiganja na kuwageukia watoto. "Anasema twende upesi, kuna mtu mlangoni," aliwaambia, na picha iliyofuata ilikuwa ya mlango unaofunguliwa. Kuanzia hapo Kitu kikawa chake. Katika kipindi cha mwisho, ambapo mkono huo una jambo kubwa la kufanya ambalo sitalitaja, mimi nilikunywa chai yangu huku yeye akitafsiri.